Msimwoshe Mpaka Nifike

Kwa mujibu wa simu ya Rachid, Gitega na Muyinga ni pua na mdomo. Alikuwa huko Kanada, kwao bado usiku, akaandika majina ya miji miwili, na simu ikamjibu bila hata kukohoa: umbali wa kukata angani moja kwa moja, kilomita sabini na tisa; muda wa kuruka kwa ndege, dakika zisizofika kumi na tano. Akauchukua ukurasa ule kama ulivyo, akautupia kwenye kundi la ukoo, kila mtu ajionee. Chini yake akaandika: "Mama mdogo si mbali. Mama azikwe adhuhuri."

Mama mdogo mwenyewe alikuwa Amisa, fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu pale Gitega, mjane, mwenye goti la kushoto lililogoma kukunjika vizuri tangu mwaka juzi. Ujumbe ulimkuta kwenye mkeka, mtandio umemshuka mabegani, hajui kama alikuwa ameshatoa salamu au swala ilimkatikia njiani. Muda mfupi kabla ya hapo Salima, bintiye dada yake Aisha na ndugu wa Rachid, alikuwa amepiga simu kutoka Muyinga. "Mama ametutoka, mama mdogo," alisema, na baada ya hapo hakikusikika kitu ila kilio.

Amisa hakulia. Kilio alikiona kinakuja, akakiambia kingoje. "Salima, sikia," alisema. "Mutu asimuguse dada yangu. Mi nakuja kumuosha mwenyewe. Umesikia? Mutu asimuguse mpaka nifike."

Hilo halikuwa neno la mtu aliyechanganyikiwa. Yeye na Aisha waliahidiana, wakiwa bado wasichana, kwamba atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki, na tangu hapo hawakulizungumza tena kwa sababu halikuwa jambo la kuzungumzwa mara mbili. Aisha aliolewa Muyinga, Amisa akabaki Gitega. Waligombana kwa mengi, dada hao. Waliwahi kununiana mwaka mzima kwa ajili ya kitambaa cha harusi. Lakini ahadi ile hakuna aliyeigusa.

Sasa, kwa watu wa Muyinga, Kanada nayo ni Ulaya, na mtu wa Ulaya akisema neno ambalo simu imelithibitisha, wazee hawana la kuongeza. Houssein, kaka wa marehemu mume wa Aisha, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo ule, aliupokea ukurasa wa Rachid kwa mikono miwili. "Dakika kumi na tano kwa ndege," aliwasomea watu waliokwisha kuanza kutandika mikeka nje. "Hata akija kwa gari, hata gari lenyewe liwe bovu, adhuhuri itamkuta hapa." Akatuma vijana wakachimbe kaburi. Hakuwa mjinga, Houssein. Alikuwa tu mtu ambaye hajatoka Muyinga tangu petroli ianze kuadimika, na hakuona haja ya kumuuliza mwanamke wa Gitega habari za njia ya Gitega.

Amisa aliposikia habari ya adhuhuri, alishika simu, akaisogeza mdomoni, akarekodi sauti yake kwa ukoo mzima. "Rachid mwanangu, Mungu akupe subira. Lakini ndege zote ziko huku Gitega ziko na manyoya. Mi nakuja na ile njia ya chini. Adhuhuri sitafika. Muningoje. Na kama hamutaki kuningoja, muningoje vilevile."

Akafunga mlango akatoka.

Kwenye kituo alikuta mabasi yamelala. Mengine yalikuwa yamekaa pale siku nyingi kiasi kwamba wenye mbuzi walishazoea kuwafunga kwenye matairi. Mkata tiketi alikuwa kivulini, miguu juu ya benchi, na alipoulizwa kuhusu Muyinga hata hakuishusha.

"Carburant hakuna, mama, petroli hakuna. Tunasikia iko njiani. Labda kesho. Labda kesho kutwa."

"Kesho nitakwenda kumuosha nani?" Amisa alimuuliza.

Kwa kweli swali halikuwa la mkata tiketi. Wanawake wawili wa mtaani, waliokuwa wamemfuata kumpa pole, wakamshika mikono, kila mmoja upande wake. Wakamwambia yale ambayo watu humwambia mtu wasiyekuwa na cha kumsaidia: kwamba Mungu anaijua nia yake, kwamba dua hufika popote, kwamba Muyinga nako kuna waoshaji, yule Farida anaosha vizuri sana. "Utaenda kwa arobaini, Amisa. Petroli itakuwa imepatikana."

"Arobaini ni ya wageni," alisema Amisa, akachomoa mikono yake.

Hasira ilimpanda, na hasira ile ilimfaa kuliko pole zote alizopewa asubuhi hiyo. Ilimvusha barabara mpaka walipojipanga wanyonga baiskeli, wale wanaobeba watu, kila mmoja na fulana ya chama chake. Mmoja wao, Urbano, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa mteja wake. Amisa ndiye aliyemshonea mkewe gauni la ubatizo wa kitindamimba wao.

"Urbano, nipeleke Muyinga."

Urbano alicheka. Halafu akauona uso wake, akaacha. "Muyinga na baiskeli? Mama Amisa, mi ni mutu, si camion, si lori."

"Basi nipeleke pale we unaishia. Hapo nitashika mwingine."

Wanyonga baiskeli wana mipaka yao. Chama cha mjini hakivuki mahali fulani. Ng'ambo yake kuna chama kingine, na baada ya hicho kingine tena. Abiria hushuka mpakani akapanda baiskeli ya wenyeji, apende asipende. Watu hulalamika kwamba ni usumbufu mtupu, na ni usumbufu kweli, lakini hakuna aliyewahi kukaa akafikiri kwamba vyama vile, ukivishika kimoja baada ya kingine, vinakwenda mbali sana. Urbano alikuwa anafikiri hilo sasa, huku akijikuna kidevu.

"Milima iko mingi," alisema.

"Milima mi nimezaliwa nayo. Twende."

Alikaa kiupande, mkono mmoja umekamata kiti cha Urbano na mwingine umekamata mtandio, jambo ambalo siku nyingine lingeupa mtaa mzima maneno ya wiki. Kwenye miteremko baiskeli ilikimbia mpaka machozi ya upepo yakamtoka. Kwenye milima, desturi ni abiria kushuka akatembea. Zamani wanyonga baiskeli walijua kushika nyuma ya malori yakawavuta mpaka juu, ila siku hiyo hata lori la kushika halikuwepo. Barabara nzima ilikuwa ya watu wa miguu, na ndizi, na mbuzi. Mlima wa kwanza Amisa alishuka akatembea. Mlima wa pili goti likaanza kumsemesha. Mlima uliofuata Urbano alimtazama anavyochechemea, akasema, "Kaa, mama," akaanza kuisukuma baiskeli na mtu wake juu yake.

"Mais lakini kwa nini lazima we?" alimuuliza, pumzi inamkata. "Muyinga hakuna wanawake?"

Amisa alikuwa hajamweleza mtu jambo hilo kwa miaka mingi. Alimweleza Urbano kwa sababu Urbano alikuwa anasukuma, na mtu anayekusukuma mlimani ana haki ya kuuliza. Mwaka ule wa vita, yeye na Aisha wakiwa wamekimbia kila mmoja na njia yake, mama yao alifia nyumbani. Majirani walimfukia nyuma ya nyumba na nguo alizokuwa amevaa, haraka, milio ya risasi ikisikika. Hakuna aliyewalaumu majirani. Nao walikuwa na roho zao za kuokoa. Dada wawili waliporudi walionyeshwa mahali. Walikaa pale mpaka jua likazama, na Aisha, aliyekuwa mkubwa, ndiye aliyesema kwamba wao wawili haitakuwa hivi.

"Hakuna maji ilimugusa mama yetu," alisema Amisa. "Hata kikombe moja."

Urbano alikaza mikono kwenye usukani. Alisukuma mpaka juu bila kupumzika.

Mpakani wenyeji walimpokea Amisa, na Urbano, kabla hajageuza, alimvuta pembeni yule aliyempokea. "Huyu anakwenda kumuosha dada yake. Kwa mulima usimushushe." Yule naye alipofika mwisho wake alimwambia wa mbele yake hivyo hivyo. Baadaye wakawa wanapigiana simu, na Amisa alipofika kwa chama cha tatu alikuta wawili wanamngoja, mmoja wa kunyonga na mmoja wa kusukuma kwa nyuma. Hakuna aliyemuuliza yeye ni Mwislamu au Mkatoliki. Walimuuliza tu kama amekunywa maji.

Lakini jua halina chama wala mpaka. Adhuhuri ilimkuta bado hajafika Karuzi, na simu ikaanza.

Wa kwanza alikuwa Salima, anaongea kwa sauti ya chini. "Mama mdogo, baba mkubwa anasema wakati umefika. Farida amekuja, maji iko tayari. Mi nimewatoa wote chumbani. Nimefunga na ufunguo, nimekaa ndani, mgongo kwenye mlango."

"Umekula?"

"Sijala."

"Kaa hivyohivyo, mwanangu. Niko nakuja."

Wa pili alikuwa Houssein, na huyo hakuongea kwa sauti ya chini. "Shemeji, unatuaibisha mbele ya watu. Maiti hacheleweshwi. Unaijua dini au huijui?"

"Naijua, shemeji. Na ahadi nayo iko ndani ya dini."

"Rachid alisema dakika kumi na tano!"

"Basi mwambie Rachid atume iyo ndege. Mi niko hapa kwa barabara, naisubiri."

Hapo Houssein akasema neno ambalo Amisa alikuwa akiliogopa tangu Gitega. "Amisa, hii dhambi ya kumchelewesha dada yako, ataibeba nani?"

Lilimchoma. Tangu asubuhi alikuwa akijiuliza mwenyewe: na kama anamtesa? Na kama Aisha amelala mle chumbani, mabati yanapasha joto, anataka tu kupumzika, na mdogo wake anamzuia kwa ubishi aliozaliwa nao? Hakuwa na uhakika. Alikuwa na ahadi tu, na ahadi si sawa na uhakika.

"Niandikie mimi yote," alisema. "Mungu akiniuliza nitamueleza. We usinieleze." Akakata simu.

Wa tatu alikuwa Rachid. Amisa alipokea akiwa tayari kupigana. "Ehe, bwana wa ndege."

"Mama mdogo, nisamehe. Mi nilifikiri…"

"Ulifikiri njia iko ndani ya simu."

Rachid hakujitetea. Alisema, "Mi ni pale tu ninaionea njia. Kila usiku naandika: Ottawa mpaka Bujumbura. Ottawa mpaka Muyinga. Inanionyesha masaa ya ndege, naangalia, nalala. Papiers zangu, karatasi za kukaa huku, hazijatoka, mama mdogo. Nikitoka hapa sirudi. Siwezi kumzika mama yangu. Nikasema, kitu kimoja angalau nikipange mimi, azikwe kwa wakati." Akaanza kulia, mwanamume mwenye ndevu, peke yake usiku wa Kanada.

Hasira ya Amisa ilitafuta pa kukaa ikakosa. Alimwacha alie mpaka mnyonga baiskeli akageuka kumtazama. "Lia, mwanangu," alisema mwishowe. "Lakini usipange tena. Sasa andikia baba yako mkubwa. Mwambie we ni mtoto wa marehemu na unataka mama mdogo angojwe."

"Hatanisikia."

"Atakusikia. Asubuhi si alikusikia?"

Rachid aliandika. Wazee wa Muyinga wakasoma, wakavutana kanzu, wengine wakasema mtoto ana haki, wengine wakasema mtoto amerogwa na mama mdogo. Mwishoni Houssein akatoa neno: alasiri, wala si dakika moja zaidi. Mtu wa Ulaya alikuwa amebakiza uzito kidogo, na Amisa akautumia wote.

Karuzi ndipo mnyororo wa vyama vya baiskeli ulipokatika. Wanyonga baiskeli wa huko walimwambia wazi kwamba mbele ni mbali, na kwa baiskeli hata magharibi haitoshi. Lakini kulikuwa na mtu mmoja sokoni ana pikipiki inayowaka, mkulima wa Gashoho anayeitwa Kastori, aliyeleta mbegu na sasa anafunga mzigo arudi kwake. Amisa alimwendea akasimama mbele ya gurudumu la mbele, wala hakusalimia kwanza.

"Kastori, nibebe."

Kastori alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kule. "Shikamoo, mama," alisema kwa mshangao. "Nikubebe mpaka wapi?"

"Marahaba. Muyinga."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua tangi akamwonyesha. "Mafuta yanafika Gashoho, mama, tena kwa kuomba Mungu. Nitakufikisha kwangu. Kutoka pale sikuahidi kitu."

"Mi sikukuomba kuahidi. Nimekuomba kwenda."

Kwenye miteremko yote Kastori alizima injini, pikipiki ikashuka kimyakimya na upepo, na chini akaiwasha tena kwa kuipiga teke. Amisa alifumba macho na kusoma kila aya aliyoijua. Walifika Gashoho mbele ya nyumba ya matofali mekundu, na mke wa Kastori, Vumilia, akatoka na unga mikononi. Mumewe alimweleza kwa maneno mafupi. Alipomaliza, alitazama chini.

Kulikuwa na chupa moja ya petroli jikoni, ya kupeleka unga wa muhogo sokoni wiki hiyo. Wote wawili walijua ipo, na Amisa, kwa jinsi walivyokwepana macho, alijua pia. Alikuwa amedai mengi tangu alfajiri, lakini cha jikoni kwa mtu hakuweza kukidai.

"Mtilie, umpeleke," alisema Vumilia.

"Na unga?" aliuliza Kastori.

"Unga hauozi."

Kastori akaingia jikoni akatoka na chupa. Vumilia alimpa Amisa maji ya kunywa, akamfunga mtandio vizuri nyuma ya shingo usimpeperuke, akarudi kwenye unga wake.

Chupa ile ilijitahidi. Iliwafikisha mahali ambapo mtu anayaona mabati ya Muyinga juu ya kilima, na pale injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Kastori aliitikisa pikipiki, akasikiliza tangi, akatikisa kichwa. Na wakiwa wamesimama hivyo, kutoka kule juu ikaja adhana ya alasiri.

Amisa alimpigia Salima. Simu ya Salima ilikuwa imezimika. Akapiga tena, imezimika.

"Mama, kaa kidogo nitafute baiskeli," alisema Kastori.

Lakini Amisa alikuwa ameshaanza kupanda. Goti lilipiga kelele, naye akalinyamazisha kwa matusi ambayo fundi cherehani mwenye heshima zake hapaswi kuyajua. Alilaani petroli, akalaani milima, akamlaani Houssein na kaburi lake la adhuhuri, akamlaani na Aisha pia kwa kufa siku ambayo hakuna magari. Kastori alisukuma pikipiki nyuma yake, na baada ya muda akaona bora amshike mkono. Amisa akamwacha amshike.

Uani kwa marehemu watu walikuwa wamesimama. Wamevaa viatu, jeneza liko tayari, na mlangoni kwa Aisha fundi seremala alikuwa amepiga goti na bisibisi. Bawaba ya juu ilikuwa imeshatoka. Ndani sauti ya Salima, imekauka, ilikuwa inasema kitu kimoja bila kupumzika: "Bado hajafika. Bado hajafika."

"Nimefika," alisema Amisa.

Watu waligeuka. Walimwona mwanamke wa vumbi kuanzia unyweleni mpaka vidoleni, anachechemea, nyuma yake mkulima wasiyemjua anasukuma pikipiki iliyokufa. Houssein alifungua mdomo, na Amisa akampungia mkono aufunge.

"Shemeji, gomba kesho. Kesho nitakaa chini mbele ya watu wote, ugombe mpaka uchoke. Leo nipishe."

Houssein alikuwa mzee, amesimama tangu asubuhi, na kweli alikuwa na uchungu. Aisha alimpikia miaka ishirini tangu mumewe, kaka wa Houssein, alipokufa. Akasogea pembeni. "Magharibi isitukute hapa," alisema, na hilo ndilo pekee alilobakiza.

Mlango ulifunguliwa kwa ndani. Salima alimwangukia kifuani, na Amisa akamshikilia. Farida, mwoshaji, mwanamke mnene mwenye mikono mipole, aliingia na ndoo zake, akafunga kilichobaki cha mlango, akawatundikia khanga kwenye upande wa bawaba iliyotoka.

Kisha Amisa akamwona dada yake.

"Umekonda," alimwambia. "Hukuniambia kwa simu umekonda hivi." Na kile kilio alichokiambia kingoje tangu alfajiri hakikungoja tena. Alilia akiwa ameinama juu yake, kwa sauti, bila haya, na Farida akamwacha mpaka akaona inatosha, kisha akamwekea kata mkononi.

Alimwosha kama inavyopaswa. Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, mkono chini ya nguo ya kumsitiri, maji ya majani ya mkunazi, kisha maji matupu, mwisho maji ya karafuu maiti. Nywele za Aisha alizifumua mwenyewe, akaziosha, akazisuka mikia mitatu, taratibu, kwa sababu Aisha siku zote alikuwa akilalamika kwamba mdogo wake anavuta. Goti lilikuwa linawaka moto. Hakuomba kiti.

"Majosho matatu yametimia," alisema Farida, akanyoosha mkono kuchukua sanda.

"Bado," alisema Amisa. "Salima, shika kata. Mwaga moja ya kaka yako. Rachid naye amemuosha mama yake, asiseme maisha yake yote hakumuosha."

Salima alimwaga, na Amisa akaosha nyuma ya yale maji kwa niaba ya mtu aliyekuwa Kanada. Farida aliwaacha wamalize. Kisha akasema kwa upole, "Sasa zimekuwa nne, mama Amisa. Nne haifai. Maiti huoshwa witiri, tatu au tano. Lazima moja iongezwe."

"Najua."

"Hiyo ya tano tuiweke ya nani?"

Amisa alichota maji mwenyewe. Aliishika kata juu ya kifua cha dada yake, wala hakumwaga haraka. "Ya mama yetu," alisema. "Mama ambaye hatukumuosha. Na Aisha atampelekea."

Akamwaga. Aliyafuata maji yale kwa kiganja kutoka begani mpaka miguuni, na aliporudi juu akaanza tena polepole, kama mtu ambaye hakuna anayemngoja. Salima alikuwa analia bila sauti. Farida, aliyeosha nusu ya wanawake wa Muyinga na hakuwahi kuona hivi, alichukua ndoo nyingine akaisogeza karibu, ili maji yasipungue.

Nje viatu vilisogea kwenye changarawe. Khanga ilitikisika, na sauti ya Houssein ikaingia, kali. "Huko ndani vipi? Jua linazama! Mtu mmoja ndiye mnamwosha muda wote huu?"

Amisa hakuinua kichwa.

"Huku tunaosha watu wawili, shemeji," alisema. "Ngojeni."